Mtoto Akitoka Nyumbani, Haki Zake Zinatoka Pamoja Naye

Masomo: Mwanzo 21:8-21, Waamuzi 11:1-11, 1 Wakorintho 14:29



Ninaomba ruhusa ya wachungaji wetu na ya wazee wa kanisa niseme neno juu ya watoto wetu wanaotoka nyumbani. Sisemi juu ya wale wadogo wa kubebwa mgongoni. Ninasema juu ya wale wa miaka 13, 15, 17, ambao sauti yao imeanza kubadilika, ambao wameanza kumjibu mzazi, na ambao asubuhi moja unakuta mkeka wao umekunjwa na wao hawapo. Hapa kwetu Lubumbashi tunawakuta sokoni na kwenye vituo vya magari. Wengine wamekwenda Kolwezi kutafuta madini. Tunawaita mashege, kisha tunapita na Biblia zetu kwapani, tukiwahi ibada.

Mimi si mtu wa sheria. Nilimaliza masomo ya sekondari, basi. Lakini kosa langu mwenyewe lilinilazimisha kusoma sheria ya nchi juu ya watoto. Nitaliungama hapa mbele yenu, maana dhambi iliyofanyika hadharani haifai kutubiwa sirini. Kwanza tusikilize Neno.

KIJANA ALIYEPEWA KIRIBA CHA MAJI

Tunapohubiri habari za Hajiri, mara nyingi tunamweka Ishmaeli mgongoni mwa mama yake kama mtoto mchanga. Tuhesabu miaka vizuri. Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa (Mwanzo 16:16). Alikuwa na miaka 100 Isaka alipozaliwa (Mwanzo 21:5). Basi Ishmaeli alikuwa amekwisha kupita miaka 14 siku ile Isaka alipoachishwa ziwa na karamu ikafanywa. Alikuwa kijana. Alikuwa wa umri wa hawa hawa tunaowapita sokoni.

Nyumbani mlikuwa na ugomvi. Mlikuwa na wake wawili, urithi mmoja, na kijana ambaye kicheko chake kilimchukiza mama wa nyumba. Je, haya si ya lupango zetu? Asubuhi mapema baba akaamka, akawapa mkate na kiriba cha maji, akawaruhusu. Ibrahimu alikuwa tajiri wa ng'ombe na fedha, na mwanawe alitoka na maji ya siku chache tu. Maji yakaisha. Mama akamlaza kijana chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali asione anavyokufa.

Sikieni jambo hili. Hajiri ndiye aliyepaza sauti akalia, lakini Maandiko yanasema kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana, tena pale pale alipokuwa, chini ya kijiti. Mungu hakungoja arudi nyumbani ndipo amsikilize. Wala hakumwuliza kwanza ni nani aliyeanza ugomvi.

Mtu atasema, “Shemasi, Ibrahimu alifanya vile kwa neno la Mungu.” Ni kweli. Lakini kabla ya kumwachilia kijana, Ibrahimu alipewa ahadi kwa kinywa cha Mungu mwenyewe kwamba kijana huyo ataishi na atakuwa taifa. Wewe unayemfungia mtoto mlango leo, umepewa ahadi gani juu yake? Nani amekuhakikishia kwamba kuna kisima huko anakokwenda?

KOSA LANGU

Katika sehemu ya mji ninamotumika kulikuwa na kijana wa miaka 15. Mama yake alikufa, baba akaoa mke mwingine. Kisha baba akapoteza kazi, na mtoto mdogo wa nyumba akaanza kuugua mara kwa mara. Wakaja kwenye mkesha wa maombi. Usiku ule mmoja wetu alisema ameona mkono mmoja ndani ya nyumba ile unaofunga baraka. Hakutaja jina la mtu. Lakini macho ya wote yalimgeukia yule kijana, kwa sababu hakuwa na mama wa kumtetea.

Mimi ndimi niliyekuwa na daftari usiku ule. Nililiandika jina la kijana katika orodha ya wale wa kufungishwa mbele ya maombi ya kufunguliwa. Sikuuliza neno. Siku tatu hakupewa bukari nyumbani, wakisema ni mfungo. Siku ya nne akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake.

Miezi miwili ikapita. Siku moja mama watoto aliniambia amemwona sokoni akibeba mizigo ya makala. Nikaenda. Nilidhani ataniomba chakula au franka za kununua viatu, maana miguu yake ilikuwa mitupu. Akaniambia, “Papa shemasi, niombee kwa baba anipe karatasi zangu za shule na cheti changu cha kuzaliwa. Hata kama harudishi mimi, anirudishie hizo.”

Nilikwenda kwa baba. Akanijibu, “Aliyetoka ametoka. Hana kitu hapa.” Nami, ndugu zangu, nilikosa la kumjibu. Sikujua kama lile neno lake ni kweli mbele ya sheria. Nilijua tu kwamba mbele ya Mungu linanuka.

Ndipo nikaenda kwa shefu wa kartie, naye akanituma ofisi ya mambo ya jamii. Kule nilikuta mama mmoja mfanyakazi wa jamii, akaniketisha, akanifungulia kitabu cha sheria. Aliniuliza swali moja ambalo sikulala kwa ajili yake: “Na huyo aliyemtaja mtoto kuwa mchawi ni nani?” Nilijua kwamba jibu linaanza na daftari langu.

SHERIA YA NCHI INASEMA NINI

Nitawapa niliyojifunza, kwa maneno rahisi.

Kwanza, mtoto ni nani? Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika artikli ya 41, inasema kwamba mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, wa kiume kwa wa kike. Si ndevu zinazomfanya mtu kuwa mkubwa, wala matiti, wala ukaidi. Kijana wa miaka 16 aliyelala njiani mwaka mzima bado ni mtoto.

Pili, artikli hiyo hiyo inampa haki ya kujua majina ya baba na mama yake, na haki ya kulindwa na jamaa yake, na watu wote, na Leta. Inawapa wazazi wajibu wa kumtunza na kumlinda na jeuri ya ndani ya nyumba na ya nje. Inakataza kumtupa mtoto na kumtesa. Tena inakataza kwa jina lake jambo la kumsingizia mtoto uchawi. Ndiyo, wapendwa, neno hilo la uchawi limo ndani ya Katiba. Waliotunga walijua yanayotendeka katika nyumba zetu, na katika nyumba za maombi pia.

Tatu, kuna sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, sheria ya kumlinda mtoto. Sheria ya zamani, ya mwaka wa 1950 wakati wa Wabeleji, ilimchukua mtoto wa kuzurura karibu kama mkosaji wa kupelekwa mbele ya hakimu. Ile ya 2009 imegeuza jambo. Mtoto aliyefukuzwa, aliyetupwa, anayezurura, anayeombaomba, anayesingiziwa uchawi, hata msichana mwenye mimba aliye katika shida, inamwita mtoto aliye katika hali ngumu, na inaamuru alindwe kwa namna ya pekee. Kulala nje si kosa la jinai. Mfanyakazi wa jamii anaweza kumweka katika jamaa nyingine au katika nyumba inayokubaliwa na Leta, na tribinali ya watoto iko kwa ajili ya mambo hayo. Na mtoto mwenye akili ya kueleza jambo ana haki ya kuulizwa yeye mwenyewe anaona nini.

Nne, sheria hiyo, artikli ya 160, inasema kwamba anayemtesa mtoto rohoni kwa kumsingizia uchawi ataadhibiwa kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, na faini ya franka 200.000 mpaka 1.000.000. Haisemi “isipokuwa kama ni mtumishi wa Mungu.” Nimesoma mara mbili nikitafuta neno hilo. Halimo.

Tano, kutoka nyumbani hakumfanyi mtoto kuwa mkubwa. Wazazi bado wana mamlaka juu yake, tena bado wana deni kwake. Chakula, nguo, dawa, shule na karatasi zake ni vyake hata akiwa nje. Baba anayesema “aliyetoka ametoka” anadhani mlango ukifungwa deni linafutwa. Sivyo. Mtoto akitoka nyumbani, haki zake zinatoka pamoja naye, na wajibu wa mzazi unamfuata.

KWA WAZAZI

Ninajua mtakalosema. “Watoto wa leo wamesikia neno haki, hawasikii tena neno lingine.” Mimi pia ni mzazi. Nina kijana nyumbani ambaye akitumwa maji anakwenda kama anayetumwa gerezani. Sheria haikukataza kumkaripia mtoto na kumwongoza. Inataka nidhamu ya nyumbani na ya shuleni ifanywe kwa utu, bila mateso. Amri ya kuheshimu baba na mama haikuondolewa. Lakini mtume Paulo, baada ya kuwaambia watoto watii, aliwageukia akina baba papo hapo na kuwakataza wasiwachokoze watoto wao (Waefeso 6:1-4). Tumezoea kusoma mistari mitatu ya kwanza, na ule wa nne tunauacha.

Tena kuna desturi ya kumpeleka msichana mwenye mimba kwa wazazi wa aliyempa mimba, na kusema, “Chukueni, sasa ni wenu.” Msichana wa miaka 15 analala kwa watu asiowajua, anapika, anafua, anangoja kujifungua, na sisi tunaita hiyo ndoa. Si ndoa. Sheria inakataza ndoa na uchumba wa mtoto kabla ya miaka 18, hata kama mahari imekwisha kuliwa na wajomba wameshiba. Na kama aliyempa mimba ni mtu mzima, hilo ni jambo la hakimu, haliishi kwa mbuzi na faini. Binti huyo bado ana haki ya kuwa mtoto wa kwenu na ya kurudi shuleni.

Kumbukeni Yeftha. Ndugu zake walimfukuza nyumbani kwa sababu ya mama yake, wakamnyima urithi. Akakimbilia nchi ya Tobu, na huko watu ovyo wakamkusanyikia. Hivyo ndivyo njia inavyowapokea watoto wetu: haiwaachi peke yao, inawapa ndugu wengine. Mwaka wa 1996 na 1997 tuliona watoto wengi wakitoka nyumbani na kufuata jeshi, tukawaita kadogo. Wengi wao hawakurudi. Lakini siku Waamoni walipoleta vita, wazee wa Gileadi walimfuata nani? Walimfuata Yeftha. Naye akawauliza kama si wao waliomchukia na kumfukuza, na sasa mbona wanamjia katika shida. Wazee wa kanisa, swali hilo linatungoja sisi pia.

KWA VIJANA

Nanyi wanetu, msichukue sheria hii kama fimbo ya kumpigia mzazi. Kama umekatazwa kutoka usiku, hujateswa. Kama umetumwa kazi ya nyumbani, hujafanywa mtumwa. Yule mwana mdogo wa Luka 15 hakufukuzwa na mtu. Alitaka fungu lake akaenda, na njaa ikamfundisha.

Lakini kama unapigwa mpaka damu, kama unanyimwa chakula, kama mtu anakujia usiku, kama umeitwa mchawi, usikae kimya, wala usikimbilie sokoni au machimboni. Sheria inakataza mtoto kufanyishwa kazi za hatari, na shimo halina huruma. Nenda kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mwalimu, kwa mama wa kanisa unayemwamini, na useme yote. Mwambie akufikishe kwa mfanyakazi wa jamii. Ukikamatwa na polisi, sema umri wako, taja majina ya wazazi wako. Haifai ufungwe pamoja na watu wazima.

KWETU SISI TULIO NA KARAMA

Sasa ninafika mahali pagumu. Kanisa letu ni kanisa la unabii. Hatuoni haya. Roho anasema, na wengi kati yetu tumeponywa. Lakini Paulo aliyetufundisha kuutamani unabii ndiye aliyeamuru manabii waseme wawili au watatu, na wengine wapime (1 Wakorintho 14:29). Usiku ule sisi hatukupima. Mmoja alisema “mkono”, na sisi tukauwekea mkono huo jina.

Ninauliza: tulipima nini? Je, tuliuliza kama mtoto mgonjwa alipelekwa kwa daktari? Baadaye alipelekwa, akapewa dawa za malaria, akapata nafuu. Je, tuliuliza kwa nini baba alipoteza kazi? Kampuni yake iliwaachisha wengi siku moja. Je, kijana huyo aliwafunga wote hao?

Sisemi kwamba hakuna uovu. Ninasema kwamba maono yanayoishia kwa kumlaza mtoto nje hayajapimwa. Bwana wetu alipowekewa watoto mbele yake, hakumwonyesha hata mmoja kidole. Aliwawekea mikono na kuwabariki (Marko 10:13-16).

TUFANYE NINI

Kwanza, tusiandike tena jina la mtoto katika daftari la tuhuma. Lile langu nimelipeleka kwa mchungaji, na ukurasa ule tumeusoma pamoja, kwa machozi.

Pili, mwaminifu akimpokea mtoto aliyetoka kwao, ampe chakula na mahali pa kulala, lakini asimfiche. Asikawie kumjulisha shefu wa kartie na mfanyakazi wa jamii, na wazazi pia kama hakuna hatari. Wala asimgeuze mboyi wa bure. Kumtoa mtoto njiani na kumfungia jikoni kwako si wokovu.

Tatu, mtoto asikose shule kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa. Shule ya msingi ya Leta ni bure kwa agizo la artikli ya 43 ya Katiba, na tangu mwezi wa tisa 2019 agizo hilo limeanza kutekelezwa. Kwa wale wa sekondari, sanduku la mashemasi lifikiri.

Nne, mzazi ambaye mtoto wake ametoka amtafute. Yosefu na Maria walitembea mwendo wa siku moja wakidhani mtoto wa miaka 12 yumo njiani pamoja na jamaa. Walipoona hayumo, walirudi Yerusalemu, wakamkuta baada ya siku tatu (Luka 2:41-52). Walirudi. Hawakusema, “Aliyebaki amebaki.”

Mtauliza yule kijana yuko wapi. Baba aliitwa ofisini. Alikuja na hasira, akasomewa sheria, akanyamaza. Karatasi za shule zilitoka ndani ya sanduku chini ya kitanda, zimekunjwa vizuri, na picha ya marehemu mama ilikuwa katikati yake. Kijana aliulizwa anataka kukaa wapi, akasema kwa shangazi. Ndiko aliko, naye anasoma. Siku ya Bwana anakuja ibadani. Baba naye anakuja. Wanaketi pande mbili za kanisa, na bado hawajasemezana. Nilikwenda kumwomba kijana msamaha. Akaniambia, “Nimesikia, papa shemasi.” Hakusema amenisamehe, nami sikumlazimisha. Ninangoja.

Ninapongoja ninasoma Mwanzo 25:9. Ibrahimu alipokufa akiwa mzee wa siku nyingi, ni nani waliomzika katika pango la Makpela? Maandiko yanataja wawili, Isaka na Ishmaeli. Yule aliyetolewa asubuhi kwa mkate na kiriba cha maji alirudi akasimama upande wa ndugu yake, akamzika baba. Mzazi mwenzangu, hujui ni mtoto yupi atakayekushika mkono siku ya mwisho. Usimfungie mlango.

Tuombe. Bwana Mungu uliyesikia sauti ya kijana chini ya kijiti, utupe masikio yako. Utusamehe sisi tuliowaandika watoto wako kati ya adui. Uwafungulie kisima wale walio njiani usiku wa leo, na utufanye sisi kuwa watu wa kuwaonyesha kisima hicho. Kwa jina la Yesu Kristo.

Amina.

Shemasi wenu katika Bwana